UZI: Mchumi wa benki za kimataifa na mikopo ya maendeleo anafanya kazi gani hasa? (Naandika kutoka Tengeru)

Mzee wa Mizania (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kijana wa jirani amemaliza Chuo cha Uhasibu pale Njiro, kanifuata kuuliza hii kazi niliyokuwa naifanya ni kazi gani, maana mtaani wanajua tu kwamba "mzee alikuwa mambo ya Benki ya Dunia". Sikuwahi kuajiriwa Benki ya Dunia, ila ukishasema neno "benki" na neno "kimataifa" kwenye sentensi moja, umeshapelekwa huko. Nimeona niandike hapa na wengine wafaidi. Nimestaafu, sina semina ya kuuza wala kundi la kulipia.

Nilikuwa mtafiti. Nilianzia Mlimani miaka ya themanini, nikapita idara za utafiti, nikamalizia kwenye taasisi ya kikanda inayokopesha serikali. Muda mwingi nilikuwa nasoma mikataba ya mikopo na majedwali ya mabenki. Ikitangazwa kwamba nchi imekopa, mtu wa kawaida anauliza bilioni ngapi. Sisi hilo tulilifikia mwisho. Tulianza na sarafu ya deni, halafu riba yake kama imefungwa au inapanda na kushuka, halafu linaanza kulipwa lini, na mambo yakiharibika hasara inamwangukia nani. Mikopo miwili ya kiasi kilekile, mmoja unakuinua na mwingine unakuzika, na tofauti yake imeandikwa huko ndani ya viambatisho ambako mwandishi wa habari hafiki.

Chukua mkopo wa kawaida wa IDA, ule mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini ulioanzishwa 1960. Masharti yake ya miaka ya karibuni ni kulipa kwa miaka 38, miaka 6 ya kwanza hugusi deni lenyewe, na ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Pembeni yake weka hatifungani, yaani hati ya deni, ambayo serikali yetu iliwauzia wawekezaji wa nje mwaka 2013: dola milioni 600, riba ya LIBOR ya miezi sita ukiongeza asilimia 6, muda miaka 7. Yote inaitwa "mkopo wa maendeleo" kwenye hotuba.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Chalii wa Sanawari

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shikamoo mzee. LIBOR ndio mdudu gani?

Mzee wa Mizania

Marahaba kijana. Ilikuwa riba ya rejea ya London. Kila siku mabenki makubwa machache yalitaja riba ambayo yanadhani yangekopeshwa na mabenki mengine, unachukuliwa wastani, na mikopo ya dunia nzima inafungwa kwenye namba hiyo. Umeona neno "yanadhani"? Ndipo tatizo lilipoingilia. Mwaka 2012 ikawa wazi kwamba kuna watu walikuwa wanaipindisha namba ili meza zao zipate faida. Barclays ikawa ya kwanza kutozwa, jumla pauni milioni 290 kwa wasimamizi wa Uingereza na Marekani. LIBOR ya dola ilifikia kikomo Juni 2023, sasa inatumika SOFR, ambayo inatokana na miamala halisi ya mikopo ya usiku mmoja huko Marekani.

Ukishafunga mkopo wako kwenye namba ya namna hiyo, uamuzi wa Washington unakufikia ukiwa umelala. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Nchi yenye deni la riba inayoelea haikukopa hata senti mpya katika kipindi hicho, lakini bili yake ya riba ilipanda. Kuipekua mikopo ya aina hiyo ndani ya deni la taifa, mmoja baada ya mwingine, na kukadiria itagharimu kiasi gani riba ikisogea, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya Jumatatu hadi Ijumaa.

Kahawa Chungu

Meku, kwa heshima zote. Nyie wataalamu ndio mliotuletea yale masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ya 1986. Shilingi ikashushwa, baadaye ada zikarudi, hospitali tukaambiwa tuchangie. Sisi wa Kibosho tuliyaona kwa macho. Leo mnaandika nyuzi za kuelimisha.

Mzee wa Mizania

Hasira yako naielewa, na huwezi kuijibu kwa jedwali. Ila tuiweke historia sawa, hasa kwa kuwa kipande kikubwa chake kilitokea hukuhuku kwetu kaskazini.

Gavana wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966 alikuwa Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, ofisi zikiwa hapa Arusha, mpaka ilipovunjika 1977. Kisha Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 nchi imetoka kwenye vita vya Kagera, mafuta yamepanda, dola hakuna. Mtei akaona tukubaliane na IMF, kushusha thamani ya shilingi ikiwemo. Mwalimu akakataa. Mtei akajiuzulu. Mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akauliza hadharani tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia.

Vijana wengi hawajui kilichofuata. Mwisho wa Juni mpaka Julai 3 mwaka huohuo wa 1980, wataalamu kutoka nchi za Kusini na Kaskazini walikutana hapa Arusha kuujadili mfumo wa fedha wa dunia, wakatoa tamko lililobeba jina la mji huu, wakitaka Umoja wa Mataifa uitishe mkutano juu ya sarafu na fedha. Hoja yao ilikuwa kwamba IMF inampa kila mgonjwa dawa ileile: punguza matumizi, shusha sarafu. Lakini nchi inaweza kuishiwa dola kwa sababu mafuta yamepanda na kahawa imeshuka, mambo ambayo waziri wetu hana mkono nayo.

Mkutano waliouomba haukuitishwa. Mwaka 1986 tukasaini na IMF, shilingi ikatoka kama 17 kwa dola hadi 40. Benki Kuu ilipofunguliwa dola moja ilikuwa 7.14. Leo unazungumzia zaidi ya 2,400.

Wako wenzangu hawapendi nikisema hivi, lakini mimi naona Mtei alikuwa sahihi kuhusu shilingi, na mkutano wa Arusha ulikuwa sahihi kuhusu chanzo cha ugonjwa. Bei ile ya serikali ilikuwa ya kwenye makaratasi, kila aliyevusha gunia mpakani Holili usiku alijua bei ya kweli. Ada za shule na hospitali ni jambo jingine, hapo nakubaliana na wewe bila kupunguza neno. Na Mtei mwenyewe, mwaka 1982 aliingia kwenye bodi ya wakurugenzi watendaji ya IMF akiwakilisha kundi la nchi za Afrika. Ningelipa nauli nimsikie siku ya kwanza anavyojitambulisha.

Kahawa Chungu

Hapo kwenye magunia ya Holili umegusa koo nyingi, tusitajane. Haya endelea, nimekaa.

Mzee wa Mizania

Na kwa kuwa umejiita Kahawa, tuimalize hiyo.

Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa migao ya kahawa ulivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Sisi deni la nje tunalipa kwa dola, na dola tulizipata kwa kahawa, pamba, katani, korosho na vinginevyo vichache. Mkulima wa Kibosho hajabadilisha chochote shambani, ila uwezo wa nchi kulipa deni umepungua kwa sababu ya kikao kilichovunjika Ulaya.

Kizazi changu cha utafiti kilikulia kwenye swali hilo: deni tulipime dhidi ya nini? Ukilipima dhidi ya pato la taifa unapata picha moja. Ukilipima dhidi ya mauzo ya nje, yaani dola zinazoingia kweli, unapata nyingine, mara nyingi mbaya zaidi. Marehemu Profesa Benno Ndulu, kabla hajawa Gavana, aliandika sana juu ya uhaba wa fedha za kigeni na jinsi kubana uagizaji kulivyoua uzalishaji: kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, kipuri hakipo. Tulikuwa tunamsoma kwa nakala zilizopigwa chapa mpaka herufi zinafifia.

Mawazo ya namna hiyo, ya watu wengi wa nchi nyingi, ndiyo yaliyoishia kwenye HIPC ya 1996, mpango wa kuzipunguzia deni nchi maskini zenye madeni makubwa. Ulipolegezwa 1999, kipimo kikawa kwamba thamani ya sasa ya deni ikizidi asilimia 150 ya mauzo ya nje, unastahili kupunguziwa. "Thamani ya sasa" maana yake dola utakayolipa baada ya miaka 30 haina uzito wa dola utakayolipa keshokutwa, kwa hiyo unaipunguza kabla ya kujumlisha. Tanzania ilifika mwisho wa mpango huo Novemba 2001. Mwaka 2006 IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wakafuta sehemu kubwa ya madeni ya zamani.

Kuna miaka ya utafiti wa watu ndani ya hiyo namba 150. Na ilipotoka bado tulibishana kwa nini isiwe 140.

Binti Sakina

Shikamoo mzee. Nina shahada ya uchumi, kwa sasa ni afisa mikopo kwenye benki moja hapa mjini. Nataka kuingia upande wa utafiti. Njia ikoje? Na je, ni lazima uwe na mjomba?

Mzee wa Mizania

Marahaba binti. Mjomba anasaidia kila mahali, ila kwenye utafiti mjomba hawezi kukuandikia jedwali.

Kwa Afrika, mlango mkubwa ni AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioanzishwa 1988. Ndulu aliwahi kuiongoza, kisha akaenda Benki ya Dunia, akarudi Benki Kuu (BoT) na kuwa Gavana kuanzia 2008 hadi 2018. Kuanzia 1993 wana shahada ya uzamili ya ushirikiano: unasoma chuoni kwako, UDSM ikiwemo, kisha wanafunzi wa nchi mbalimbali wanakutanishwa Nairobi kwa miezi kadhaa kusoma masomo ya kuchagua. Uzamivu wa namna hiyo ulianza 2002.

Lakini darasa la kweli ni warsha zao. Unapeleka rasimu. Unasimama mbele ya watu wa nchi kumi na zaidi, kuna profesa ameletwa kutoka mbali kazi yake ni kukuchambua. Anaanza kwa upole, "asante kwa kazi nzuri". Ukisikia hivyo kaa chini. Anauliza data umetoa wapi, kwa nini mwaka huu umeruka, kwa nini unadai mikopo imeongeza uzalishaji wakati huenda waliokuwa wanazalisha vizuri ndio waliopewa mikopo. Hilo swali la mwisho, binti, limeua rasimu nyingi kuliko malaria. Wewe afisa mikopo utalielewa haraka kuliko mwanafunzi aliyetoka darasani moja kwa moja, maana unajua mkopo haugawiwi kwa bahati nasibu, unamchagua mtu.

Benki ya Dunia wana mpango wa wataalamu vijana tangu 1963. Una ukomo wa umri, usisubiri mpaka maisha yatulie. IMF wana kituo cha mafunzo na ushauri Dar es Salaam tangu 2002 kinachohudumia watumishi wa Afrika Mashariki. EADB, Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, makao yake Kampala. Sekretarieti ya Jumuiya ipo hapa hapa unapita na daladala.

Jifunze ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu, jifunze programu moja ya takwimu hadi uiote. Na usiutupe uhasibu. Nimekutana na watu wenye uzamivu ambao hawawezi kusoma mizania ya benki, wanaona mali na dhima kama orodha ya sokoni.

Teller Mstaafu (Moshi)

Naomba nichangie kama mtu wa kaunta. Niliingia NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, enzi zile ipo peke yake mjini. Kwa vijana: mabenki binafsi yalitaifishwa Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, yakaunganishwa kuwa NBC. Sheria ya 1991 ikafungua tena mlango, 1993 Standard Chartered ikarudi na Meridian BIAO ikaingia. Meridian ikaanguka 1995, Stanbic wakaichukua ya hapa kwetu. NBC yenyewe ikagawanywa 1997, ndipo mkapata NMB.

Swali langu kwa mzee: kwa nini benki ndogo ya mkoani inashindwa kutuma fedha China moja kwa moja mpaka ipitie kwa mkubwa?

Mzee wa Mizania

Mkuu, umesema "Meridian" nikakumbuka foleni.

Fedha haisafiri. Benki yako inakuwa na akaunti kwenye benki ya nje, tuseme New York, na kinachotumwa ni ujumbe tu: punguza kwangu, ongeza kwa fulani. Kumtunzia mtu akaunti ya namna hiyo ni gharama, maana benki ya New York inawajibika ikigundulika fedha chafu imepita. Baada ya msukosuko wa 2008 na faini kubwa zilizofuata, mabenki mengi makubwa yakapiga hesabu: benki ndogo ya Afrika inaniingizia faida kidogo, faini ikija ni kubwa. Wakafunga akaunti. Hakukuwa na kosa lolote lililothibitishwa, ni hesabu tu. Ndiyo maana mwenye duka la vipuri pale Kiboriloni analipia makato ya benki mbili au tatu kabla mzigo haujatoka Guangzhou. Benki ya Malipo ya Kimataifa (BIS) ya Basel, iliyoanzishwa 1930, ina takwimu nzuri sana za mabenki ya nchi moja yanadai nini nchi nyingine, nimezila hizo maisha yangu yote. Lakini mwenye duka wa Kiboriloni haonekani humo.

Safari Bila Presha

Sisi wa utalii tunajua habari ya dola kuliko nyie wasomi. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha Arusha yalivyofungwa na askari mlangoni, halafu Machi 2025 tukakatazwa kutangaza bei za ndani kwa dola. Mnatafiti hayo au mnatafiti New York tu?

Mzee wa Mizania

Yanatafitiwa, ila mengi yanalala kwenye makabati. Nitakuongezea la hapa mjini: njia nne ya Sakina hadi Tengeru na ile barabara ya mchepuo ni fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha pia. Mkopo ni wa masharti nafuu, sina ugomvi nao, maji yametoka. Lakini bili ya maji unalipa kwa shilingi na deni halilipwi kwa shilingi. Shilingi ikishuka, tofauti inajazwa na Hazina, yaani wewe na mimi. Watalii wako, dola zao zikipita benki, ndio wanaopunguza makali. Kwa hiyo ndiyo, unatafitiwa.

Chalii wa Sanawari

Mzee umeikimbia ile ya 2013. Dola milioni 600. Si ndiyo ile yenye kesi London?

Mzee wa Mizania

Sijaikimbia. Ile ni somo la kwa nini tunasoma viambatisho.

Ada ya waliopanga uuzaji ilikuwa asilimia 1.4. Ikapanda kuwa 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni moja ya hapa nchini iitwayo EGMA, kama wakala. Novemba 2015 Standard Bank Plc ya London, ambayo wakati wa uuzaji ule ilikuwa kampuni tanzu ya Standard Bank ya Afrika Kusini, iliingia makubaliano ya kuahirisha mashtaka na waendesha mashtaka wa Uingereza kwa kosa la kushindwa kuzuia rushwa, yakaidhinishwa na jaji. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya aina hiyo kwenye sheria yao. Tanzania ikarudishiwa zile milioni 6 na riba, kama dola milioni 7.

Angalia ukubwa wake. Asilimia moja. Ukiisoma haraka unasema ni gharama za kawaida. Mtafiti anayelinganisha ada za hatifungani za nchi zinazofanana anaiona mara moja kwamba imekaa vibaya, na hahitaji kuwa mpelelezi.

Kahawa Chungu

Meku hapa nimenyoosha mikono. Sasa ile reli ya SGR nayo?

Mzee wa Mizania

Kwa kifupi, maana macho yamechoka: Februari 2020 Standard Chartered iliratibu mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya Dar hadi Makutupora. Ni wa kibiashara, ila ndani yake kuna dhamana za mashirika ya serikali za Denmark na Sweden yanayolinda mikopo ya mauzo yao ya nje. Dhamana hiyo inampunguzia mkopeshaji hofu, na riba inakuwa chini kuliko ungekwenda sokoni mikono mitupu. Swali la utafiti ni hilo: tumelipa kiasi gani kwa dhamana, na tumeokoa kiasi gani kwenye riba.

Binti Sakina

Mzee, nikipata nafasi ya uzamili, nipe mada moja. Moja tu, nisije nikazunguka.

Mzee wa Mizania

Mabenki ya Kenya yaliyovuka Namanga. KCB ipo Tanzania tangu 1997, wengine wakafuata. Jumuiya ina itifaki ya sarafu moja iliyosainiwa Novemba 2013, ilipangwa sarafu iwe tayari 2024, sasa imesogezwa 2031. Lakini mabenki hayakusubiri sarafu. Angalia matawi yao ya Arusha na Moshi yanakopesha nani: mwenye ng'ombe, mwenye hoteli, au serikali kupitia dhamana za Hazina (hati za deni la serikali). Taarifa zao za fedha huchapishwa kila robo mwaka kwa mujibu wa sheria, zipo, hakuna wa kumwomba. Zitakuonyesha jumla ya mikopo na sehemu iliyowekwa kwenye dhamana za serikali. Mgawanyo wa sekta na wa mkoa hautaupata humo, hapo ndipo utatembea kwa miguu kuzungumza na wenzako maofisa mikopo, na wewe tayari unao.

Kisha linganisha na benki ya ushirika iliyozaliwa Moshi, KCBL, ambayo mwaka 2025 iligeuzwa kuwa Benki ya Ushirika Tanzania (Coop Bank), mtoto wa utamaduni ulioanza na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko palepale Moshi, maktaba yao ina vitu ambavyo Nairobi hawana.

Binti Sakina

Asante sana mzee. Jumamosi nashuka Moshi kuanza na hiyo maktaba. Rasimu nikikutumia utaisoma?

Mzee wa Mizania

Nitaisoma. Chini ya kila jedwali andika chanzo na mwezi ulioichukua, la sivyo nairudisha kabla sijafika ukurasa wa pili.